Vumbi Linaloficha, Vumbi Linaloshuhudia

Sisi watu wa inchi ya mine tunajua vumbi. Kamyo moja ikipita, nyumba ya jirani inapotea machoni. Lakini nyumba haikuondoka, iko palepale.

Kule mbali, kati ya nyota, kuko jambo kama hilo. Galaksi ni kundi kubwa la nyota nyingi sana. Katikati yake, mara nyingi, kuko shimo jeusi: kitu kizito mno, hata mwangaza ukiingia hautoki tena. Katika galaksi fulani, gesi inayozunguka shimo inashika moto na kuangaza kupita nyota zote. Lakini katika galaksi zingine katikati hakuonekani wazi. Juu ya nini? Ni za aina ingine, ao vumbi tu linatuziba macho?

Mwaka 1985 Wamarekani wawili, Robert Antonucci na Joseph Miller, walitazama galaksi NGC 1068. Mwangaza wake unasafiri miaka milioni 47 hivi mpaka kwetu. Waliona mwangaza uliofichwa ukigonga gesi na kurudishwa pembeni, kama vile moto wa nyuma ya ukuta unavyoangaza juu ya paa. Basi kuko kitu kinachoziba! Lakini ukuta wenyewe, nani aliuona?

Vijana, makala ya mbabula yakififia usiku, jicho halioni kitu, lakini mukono unasikia moto. Vumbi lile vilevile linatoa mwangaza wa joto. Shida ni umbali: darubini moja inaona nukta tu.

Kwa hiyo, kule mulima Paranal, inchi ya Chile, wanaunganisha darubini ine, kila moja na kioo cha metre 8,2. Vioo vingine vinapeleka mwangaza chini ya udongo, katika tuneli ambamo vigari vinatembea juu ya reli, karibu kama galeri ya mine. Vigari vinasawazisha safari, ili mawimbi ya mwangaza yakutane kwa wakati mumoja. Yakisaidiana, panaangaza, yakipingana, panakuwa giza. Kwa mistari ile wanahesabu umbo la kitu, sawa na kutazama kwa darubini ya upana wa metre 130.

Mwaka 2004 Walter Jaffe na wenzake walipata ndani ya NGC 1068 vumbi la moto kupita digri 500, limezungukwa na lenye joto kidogo. Lakini mwaka 2020 picha mpya ilionyesha pete nyembamba, isiyofanana na ukuta. Mashaka yakaingia.

Mwaka 2022 Violeta Gámez Rosas na wenzake walipima joto la vumbi mahali kwa mahali, kwa mashini MATISSE. Kumbe shimo jeusi liko nyuma ya pete nene ya vumbi, si pale picha ya 2020 ilipoliweka.

Basi vumbi lililoficha ndilo lililoshuhudia. Vijana, musiseme upesi “hakuna kitu” kwa sababu jicho halikuona. Mutafute njia ingine ya kupima.