Mkono wa Mhudumu wa Saiba

Wiki ya mwisho ya Juni, saiba (maduka ya intaneti) za Kariobangi, Nairobi, hufurika. Tarehe 30 ndiyo mwisho wa kuwasilisha marejesho ya kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na hata asiye na mapato, maadamu ana PIN ya mlipakodi, hupanga foleni. Anayeumia zaidi ni mhudumu. Kila mteja ana kurasa zake za iTax, mfumo wa kodi mtandaoni, kila ukurasa una visanduku vyake, na kila kisanduku kinataka kubonyezwa. Kufikia jioni anakung'uta mkono, kidole gumba na cha shahada vimekufa ganzi.

Lawama huangukia kipanya: kidogo, bapa, cha bei rahisi. Lakini kipanya cha kwanza kabisa, alichokiunda Bill English mwaka 1964 kwa wazo la Douglas Engelbart, kilikuwa sahili hata zaidi: kijisanduku cha mbao chenye kitufe kimoja. Fundi wa karakana za Light Industries, papo hapo Kariobangi, angekimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Kabla ya kukilaumu kifaa, tuangalie kifundo cha mkono. Ndani yake mna mfereji mwembamba, sakafu yake mifupa, dari yake ukano mgumu. Humo hupita kano tisa zinazokunja vidole, pamoja na neva inayohudumia gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kiganja kikiinuka kama cha askari anayesimamisha matatu pale barabara ya Outering, mfereji hubanwa. Ndivyo mkono unavyokaa kifundo kinapolala mezani huku vidole vikipanda juu ya kipanya.

Mwaka 1999 Peter Keir, Joel Bach na David Rempel walipima shinikizo ndani ya mfereji huo kwa watu 14 wenye afya, kwa vipanya vya aina tatu. Walipoburuta vitu kwenye skrini, shinikizo lilipanda hadi takriban milimita 30 za zebaki, kiwango kinachoweza kuathiri neva. Mkono ukitulia juu ya kipanya hichohicho, lilikuwa chini zaidi. Umbo la kipanya halikuleta tofauti kubwa; kazi ndiyo iliyoleta.

Na kipanya cha wima, kinachokilaza kiganja ubavu? Mwaka 2015 Annina Schmid na wenzake walikijaribu kwa wagonjwa 21 wa mfereji huo. Kifundo kilikaa vizuri zaidi, ila shinikizo halikupungua. Sitamshauri mwenye saiba akimbilie kukinunua.

Heri atazame fomu yenyewe. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha kwamba kadiri shabaha inavyokuwa ndogo na mbali, ndivyo mkono unavyochukua muda kuifikia. Kisanduku kidogo kilicho mbali humlazimu mhudumu apunguze mwendo na kukaza misuli. Kwa maoni yangu, aliyebuni ukurasa huo anadaiwa zaidi kuliko aliyebuni kipanya. Mhudumu naye ana njia ya kujipunguzia kazi: kitufe cha Tab humrusha kutoka kisanduku hadi kisanduku bila kipanya kuguswa.

Kisha kuna kibodi. Safu ya tarakimu upande wa kulia hukisukuma kipanya mbali, na bega hubeba mzigo mchana kutwa. Hapo kipanya cha bei rahisi kinashinda: kwa kuwa pande zake zinalingana, mhudumu anaweza kukihamishia kushoto, karibu na mwili, akageuza vitufe kwenye mipangilio ya Windows, na mkono wa kulia ukaandika risiti.