Hatari Huanza Ndege Inapotoka Majini

Ndege ya kivita iliyozama baharini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia hailiki kwa kasi moja tangu siku ilipoanguka hadi leo. Katika miaka ya mwanzo maji ya chumvi huvamia kila sehemu iliyo wazi, lakini baadaye, hasa pale mchanga au tope linapoyafunika mabaki na kuyatenga na oksijeni, ulikaji, yaani metali kutafunwa polepole na kemikali zinazoigusa, hupungua sana. Utulivu huo hutoweka siku mabaki yanapoopolewa, kwa sababu chumvi iliyojificha ndani ya metali kwa miongo mingi hukutana kwa ghafla na hewa tele, na kinachotoka majini kikiwa na umbo la ndege kinaweza kugeuka ungaunga kama hakuna aliyejiandaa kukipokea.

Chanzo cha udhaifu huo kimo ndani ya metali yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtaalamu wa metali wa Kijerumani Alfred Wilm aligundua kwamba alumini iliyochanganywa na shaba kiasi cha asilimia 4 na magnesiamu kidogo, ikipashwa moto, ikapozwa ghafla, kisha ikaachwa kwa siku kadhaa, huwa ngumu mno bila kuongezeka uzito. Mchanganyiko huo, uliopewa jina la duralumini, ndio uliowezesha kuundwa kwa ndege za vita hivyo. Alumini tupu hujikinga yenyewe, kwani ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba wa oksidi unaozuia madhara kuingia ndani; lakini kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi ya bahari, huutoboa utando huo, na hapo chembe za shaba zilizomo katika duralumini huwa kama ncha moja ya betri ya tochi, huku alumini iliyozizunguka ikiwa ncha ya pili, ile inayoliwa. Matokeo yake ni vishimo vidogo ambavyo kwa juu havitishi, ilhali ndani vimekwenda mbali. Boliti za chuma zilizokazwa kwenye alumini huongeza mkondo huo wa umeme, na vipuri vya magnesiamu, kama magurudumu ya ndege nyingi za wakati ule, hutangulia kuyeyuka kabla ya vingine vyote.

Mfano ulio wazi zaidi ni ndege ya Kijerumani aina ya Dornier Do 17, iliyoangushwa tarehe 26 Agosti 1940 na kuzama penye fungu la mchanga la Goodwin Sands, karibu na pwani ya kusini-mashariki ya Uingereza. Wawili kati ya askari wanne waliokuwamo walinusurika. Ndege za aina hiyo ziliundwa zaidi ya 2,000, lakini hii ndiyo pekee inayojulikana kubaki karibu nzima, nayo ilibaki kwa sababu mchanga unaohamahama wa fungu hilo uliifunika kwa miaka mingi kabla ya kuifunua tena. Makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza yaliiopoa tarehe 10 Juni 2013, baada ya upepo mkali kuwakwamisha wapigambizi mara kwa mara, hata mpango wa kuijengea ndege fremu ya kuibeba chini ya maji ukaachwa na badala yake minyororo ikafungwa kwenye sehemu zake zilizo imara.

Picha za siku hiyo zilienea duniani, lakini kazi iliyofuata ndiyo inayostahili kutazamwa. Mabaki yalipelekwa kwenye tawi la makumbusho hayo lililoko Cosford na kuwekwa ndani ya mahandaki ya plastiki yanayofanana na vitalu vya kuoteshea mboga, ambamo yalinyunyiziwa tena na tena maji yenye asidi sitriki, ile ile inayoipa ndimu ukali wake, katika kiwango kilichochunguzwa kwa msaada wa wanasayansi wa chuo cha Imperial College cha London. Uteuzi wa dawa hiyo haukuwa wa kubahatisha. Chuma kilichotoka baharini kwa kawaida hulowekwa katika maji yenye magadi makali ili kuitoa chumvi, lakini alumini haistahimili magadi, jambo ambalo kila mpishi aliyeona sufuria yake ikisawijika baada ya kuchemshia magadi analifahamu. Kwa kuwa ndege moja ina chuma na alumini vilivyounganishwa kwa ribiti, dawa ya kimoja inaweza kuwa sumu kwa kingine, na ilibidi ipatikane dawa laini ya kulegeza magamba ya viumbe wa baharini na kuosha kloridi bila kuigusa metali nzima. Kazi kama hiyo hupimwa kwa miaka, si kwa wiki, na taasisi isiyo na fedha za miaka hiyo ingefanya heri kuiacha ndege ilipo.

Kinamasini mambo huwa tofauti. Tarehe 23 Februari 1942 ndege ya Marekani aina ya B-17, ikirejea kutoka kushambulia kituo cha Wajapani cha Rabaul huku mafuta yakiishia, ilitua katika eneo la Agaiambo, Papua New Guinea, mahali rubani alipodhani ni uwanda wa nyasi kumbe ni maji yaliyofichwa na nyasi. Watu wote tisa walitoka hai, wakasafiri kwa wiki kadhaa wakisumbuliwa na malaria. Maji hayo hayakuwa na chumvi, na mahali penyewe palikuwa mbali mno kwa wauza vyuma chakavu, hivyo ndege ilikaa karibu nzima hadi ilipoonekana tena mwaka 1972. Ilipotolewa mwaka 2006 ilizuiwa bandarini Lae hadi 2010 kutokana na mzozo juu ya nani hasa mwenye haki ya kuiuza, na wananchi waliopinga kuondolewa kwake walikuwa na hoja nzito, kwani kitu kilichokaa katika ardhi ya watu kwa miaka 64 kimeingia katika historia yao pia. Leo imo Hawaii, ikionyeshwa bila kupakwa upya.

Kwa upande wa afya, mabaki haya si vyuma vya kuchezea. Saa na vipimo vya rubani vilipakwa rangi yenye rediamu ili visomeke gizani. Rangi hiyo imeacha kung'aa kwa sababu fuwele zake za zinki zimechakaa, lakini rediamu hupungua nusu tu kila baada ya miaka 1,600, na vumbi lake likimezwa au kuvutwa, mwili hulidhania kuwa ni kalisi na kulihifadhi mifupani, ambako linaweza kusababisha saratani. Rangi ya kwanza ya kinga kwenye bati mara nyingi ilikuwa na kromati, ambayo nayo huleta saratani inaposuguliwa na kuwa vumbi. Mabomu na risasi zilizosalia hazina haja ya kuelezwa.

Zaidi ya yote, nyingi ya ndege hizi ni makaburi. Marekani peke yake bado ina takriban watu 72,000 wasiojulikana walipo tangu vita hivyo, na wataalamu wake hutambua masalia kwa meno na kwa vinasaba vinavyorithiwa kwa mama, vikilinganishwa na vya jamaa walio hai. Udongo wa msitu wa tropiki, ulio na asidi, huyeyusha mifupa mapema, kwa hiyo anayechimbua ndege kwa pupa ili apate injini anaweza kutawanya jino moja lililokuwa tumaini la mwisho la familia.

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 kuhusu urithi wa kitamaduni ulio chini ya maji unataka wazo la kuuacha urithi palepale ulipo lizingatiwe kwanza, kabla ya jingine lolote. Hata hivyo, mkataba huo hulinda tu vilivyokaa majini kwa miaka 100 au zaidi, na ndege zilizozama mwaka 1942 hazitafikia umri huo hadi 2042.