Panya wa ukutani ni wa ploti nzima

IWAPO unaishi Kawangware, yamkini sauti hiyo waijua. Taa ikishazimwa na watoto kulala, kitu huanza kukwaruza nyuma ya hadibodi, kikanyamaza, kisha kikatimua mbio kutoka pembe moja ya chumba hadi nyingine. Ukigonga ukuta, hukimbilia kwa jirani. Naye jirani akigonga upande wake, mgeni huyo hurudi kwako.

Hapo ndipo penye kiini cha taabu yenyewe. Vyumba vingi vya mtaa huu, kuanzia Gatina hadi Kabiro, vimejengwa kwa safu: mabati nje, fremu za mbao katikati, na ndani mpangaji akagongomea hadibodi au katoni ili kuzuia baridi ya Julai. Pengo linalosalia hapo kati lina joto na giza, na paka haingii humo. Tena haliishii kwako, bali huendelea chumba baada ya chumba hadi mwisho wa safu. Wahenga walinena kwamba panya wengi hawachimbi shimo, lakini katika ploti ya vyumba kumi panya hawana haja ya kuchimba. Fundi alishawachimbia.

Waliohamia magorofa ya mawe nao wasicheke. Panya mdogo hupenya tundu la milimita 6, ambalo penseli haipiti kwa urahisi. Nafasi anayoiacha fundi wa mabomba chini ya sinki kwake ni lango. Jike hubeba mimba kwa muda wa wiki tatu tu na kuzaa watoto watano hadi wanane, ambao wakitimu wiki sita hivi huanza kuzaa wao pia. Kwa hivyo anayetega panya mmoja na kujipongeza, huku jirani zake saba wakiwa wamelala, anacheza.

Wengi hukimbilia sumu, na wachuuzi wake hawakosi katika mitaa ya Nairobi. Mimi naiona kuwa silaha mbaya kabisa kwa nyumba ya chumba kimoja. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na mnyama hafi papo hapo, bali baada ya siku kadhaa. Wakati huo atakuwa ameshajiingiza ndani kabisa ya ukuta. Uvundo utakaofuata, pamoja na nzi, utakulazimu kubomoa hadibodi uliyoinunua kwa jasho lako. Zaidi ya hayo, chumba hicho ndicho jiko na ndicho kitanda cha mtoto anayetambaa na kutia kinywani kila akionacho.

Sumu za kuuzwa nchini husajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1982. Unga uliofungwa kwenye karatasi isiyo na maandishi hauwezi kukuambia ni kitu gani, na daktari naye hataweza kujua. Mtoto akiila sumu, usimpe maziwa wala usimtapishe. Mkimbize hospitalini pamoja na paketi au masalio yake, hata kama haonyeshi dalili yoyote.

Kuishi na panya pia si jambo la kuzoea. Mwaka wa 1902 tauni ilipozuka katika soko la Wahindi hapa Nairobi, wakuu wa wakati huo waliliteketeza soko kwa moto. Karibu na siku zetu, watafiti waliotega panya Kibera mwaka wa 2008 walikuta takriban mmoja kati ya kila watano akiwa na viini vya leptospirosisi, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wao na unaoweza kuharibu ini na figo. Mavi yao basi yasifagiliwe yakiwa makavu. Yanyunyizie maji yenye klorini, ngoja dakika chache, kisha yapanguse kwa kitambaa.

Njia inayofaa ni ya pamoja. Ploti nzima ichague siku moja, ikiwezekana Jumamosi. Unga, mchele na omena viwekwe kwenye debe la bati lenye kifuniko, kwani plastiki huitafuna. Vyombo vioshwe kabla ya kulala na taka ziondolewe uani. Panya mdogo hutosheka kwa gramu tatu tu za chakula kwa siku, kiasi ambacho sufuria moja ya sima isiyooshwa humpa bila shida.

Usiku huo kila chumba kitege mitego miwili au mitatu ya waya. Chambo kiwe karanga iliyosagwa, kidogo tu kama punje ya harage. Mtego usiwekwe katikati ya chumba, maana panya hupita kandokando ya ukuta. Uelekeze upande wa chambo ukutani.

Wakishapungua, zibeni. Waya wa kusugulia sufuria usukumwe tunduni, kisha upakwe saruji juu yake. Gazeti na matambara hayafai, watayafanya godoro.

Lakini pengo refu la safu nzima halizibwi na mpangaji. Tofauti na Kibera, ambako sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali, ploti nyingi za Kawangware zina wenyewe. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, huihesabu nyumba iliyojaa viumbe waharibifu hata ikahatarisha afya kuwa kero, na kasoro ikiwa ni ya ujenzi, notisi hupelekewa mwenye nyumba. Bwana afya wa kaunti ndiye wa kuendewa. Mpangaji akienda peke yake huenda akaambiwa atafute nyumba kwingine. Vyumba kumi vikienda pamoja, landilodi atafikiria mara mbili kabla ya kufukuza kodi ya ploti nzima.

Kabla ya kurudisha hadibodi, nyunyiza unga kidogo sakafuni kando ya ukuta jioni na uutazame asubuhi, halafu uufagie. Ukiona nyayo, mitego irudi. Asubuhi tatu mfululizo zikipita bila alama, chukua nyundo.