Mtoto amechelewa kutembea? Tazama haya kwanza

Wazazi wengi mijini huingiwa na hofu mtoto wa jirani anapoanza kutembea ilhali wao bado anatambaa. Mara nyingi hofu hiyo haina msingi. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka wa 2006, kuhusu watoto wenye afya nchini Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, ulionyesha kuwa wengine hutembea bila kushikwa wakiwa na miezi 8 na wengine hungoja hadi 17 na ushei. Wachache hawakutambaa kamwe. Na aliyezaliwa kabla ya wakati, mhesabie umri kuanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa.

Lakini akifikisha miezi 18 bila kutembea, usingoje tena.

Hapa Nairobi kuna sababu moja ambayo wazazi huisahau, nayo ni ukosefu wa jua. Mtoto hushinda ndani ya chumba kinachotazamana na ukuta wa ghorofa nyingine, na anapotolewa nje huwa amefunikwa shali kutoka kichwani hadi miguuni, eti asishikwe na baridi. Ngozi isipopata jua haitengenezi vitamini D. Bila vitamini hiyo mwili haufyonzi kalsiamu vizuri, mifupa hubaki laini, na mtoto hupatwa na matege. Mtazame: vifundo vya mikono vimevimba? Meno yamechelewa? Utosi haujafunga ingawa amepita miezi 18? Miguu kupinda kidogo kabla ya miaka miwili ni kawaida, ila ikizidi kupinda anapoendelea kusimama, mpeleke hospitalini. Ugonjwa huu hutibiwa kwa vitamini D na kalsiamu, na ukigunduliwa mapema miguu mingi hunyooka bila upasuaji. Maziwa ya mama yana vitamini D kidogo tu, lakini hiyo si sababu ya kumwachisha.

Kuna dalili nyingine zisizongoja miezi 18. Mtoto wa miezi 9 asiyeweza kuketi bila kushikiliwa, anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, au aliyekakamaa au kulegea mwili, aonwe na daktari. Aliyekuwa akisimama kisha akaacha, mpeleke siku hiyo hiyo.

Beba kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto. Ndani mna ukurasa wa hatua za ukuaji, ambao mara nyingi hubaki mtupu kwa sababu foleni ni ndefu na muuguzi amempima uzito tu. Mwombe aujaze.