Mbu Aumaye Mchana

Mwaka 2014 homa ya dengue ilienea Dar es Salaam. Mwenye kuichukua ni mbu aitwaye Aedes aegypti, azaliwaye katika mapipa, makopo na matairi yenye maji, vitu visivyokosekana mitaa ya Kariakoo. Picha iliyopigwa karibu humtambulisha: ni mweusi, ana pete nyeupe miguuni, na mgongoni mistari myeupe iliyopindika mfano wa kinubi. Mbu wa malaria huuma usiku, naye akitua huinua tumbo. Basi apigwe picha ubavuni. Twawaomba walimu wawaonyeshe watoto tofauti hiyo, kwani chandarua cha usiku hakimzuii aumaye mchana. Dawa yake ni kumwaga maji yaliyotuama.