Misuli ya nyonga: Tiba ya aibu inayofichwa baada ya uzazi

KUNA wanawake wengi nchini ambao hawathubutu kucheka kwa sauti, kupiga chafya wala kukimbilia matatu. Wakifanya hivyo, mkojo huwaponyoka. Baadhi yao huvaa sodo kila siku ya mwezi, hubeba leso ya akiba mkobani na huketi karibu na mlango kanisani, msikitini au mkutanini ili waweze kutoka upesi haja inapowabana.

Wengi wao hawajawahi kumweleza daktari. Waliomdokezea mama, dada au jirani waliambiwa kwamba hayo ndiyo malipo ya kuzaa, na kwamba kila mwanamke huyapitia. Kauli hiyo ni kweli nusu. Tatizo la kushindwa kuzuia mkojo ni la kawaida mno, hasa miongoni mwa wanawake waliojifungua. Lakini si kweli kwamba halina tiba, na kwa walio wengi tiba ya kwanza si kisu wala dawa, bali ni mazoezi ya misuli chini ya uangalizi wa mtaalamu wa fiziotherapia.

Kwa Wakenya wengi, fiziotherapia ni tiba ya mgongo unaouma, mfupa uliovunjika au mkono uliopooza baada ya kiharusi. Ni wachache wanaojua kwamba kuna tawi lake linaloshughulikia nyonga, yaani kibofu cha mkojo, mfuko wa uzazi, njia ya haja kubwa na misuli inayovishikilia viungo hivyo.

Kitanda cha kamba

Misuli hiyo hutanda chini ya nyonga, kuanzia mfupa wa kinena upande wa mbele hadi kwenye kifandugu upande wa nyuma. Kazi yake hufanana na ya kamba za kitanda cha kienyeji. Zikiwa zimewambwa vyema, mlalaji hubaki juu. Zikilegea, huzama katikati. Kitanda cha namna hiyo hakitupwi. Kamba zake hukazwa upya.

Misuli ya nyonga hubeba viungo vilivyo juu yake na pia hufunga njia za haja ndogo na haja kubwa. Mtu anapokohoa au kuinua mzigo, shinikizo huongezeka tumboni na kukigandamiza kibofu. Misuli yenye nguvu hujibana kwa wakati na kuuzuia mkojo. Iliyolegea huchelewa, na hapo mkojo hupenya.

Ujauzito huielemea misuli hiyo kwa miezi kadhaa. Wakati wa kujifungua kwa njia ya kawaida, sehemu ya misuli hiyo iliyo katikati hunyooka zaidi ya mara 3 ya urefu wake wa kawaida ili mtoto apite. Baadhi ya akina mama huchanika msamba, na wengine huumia mishipa ya fahamu inayoiamrisha misuli kujibana. Kujifungua kwa upasuaji hupunguza hatari hiyo lakini hakuiondoi kabisa, kwa sababu ujauzito wenyewe umekwisha kuielemea misuli.

Uzazi si chanzo pekee. Kikohozi cha muda mrefu, kufunga choo, unene kupita kiasi na kuinua mizigo mizito kila siku, iwe ni mitungi ya maji au matita ya kuni, huidhoofisha misuli polepole. Baada ya hedhi kukoma, kupungua kwa homoni huongeza udhaifu huo. Ndiyo sababu kuna wanawake ambao hawakuona dalili yoyote walipokuwa wakizaa, lakini wakaanza kuhangaika wakiwa na umri wa miaka 50 au 60.

Wanaume nao hawajasazwa. Upasuaji wa kuondoa tezi dume kwa sababu ya saratani huwaacha baadhi yao wakivuja mkojo kwa wiki au miezi kadhaa. Mazoezi ya misuli ya nyonga hutumika kuwasaidia, na ni vyema yaanze kufunzwa hata kabla ya upasuaji.

Kujibana kwa njia sahihi

Mazoezi haya yalipata umaarufu mwaka 1948, wakati daktari wa uzazi wa Marekani, Arnold Kegel, alipochapisha makala kuhusu wanawake aliowatibu kwa kuwafunza kuibana misuli hiyo. Kegel hakuwapa maagizo tu na kuwaacha waende zao. Alibuni kifaa cha kupimia nguvu ya misuli ili mgonjwa aone mwenyewe kama anafanya sawa na kama anapata nafuu.

Kadiri miaka ilivyopita, mazoezi hayo yalienea lakini uangalizi ukasahaulika. Mwaka 1991, Richard Bump na wenzake walichapisha utafiti nchini Marekani uliohusisha wanawake 47 waliopewa maelezo mafupi ya mdomo. Ni takriban nusu yao tu waliojibana ipasavyo. Robo yao walifanya kinyume: badala ya kuvuta misuli juu, waliisukuma chini kwa namna ambayo ingeweza kuongeza tatizo lenyewe. Kwa hivyo, mwanamke anayesema alijaribu mazoezi hayo asifaulu huenda hakuwahi kuyafanya kwa njia sahihi.

Hapo ndipo mtaalamu anapohitajika. Katika ziara ya kwanza, yeye huuliza kuhusu uzazi, upasuaji, kazi na tabia ya choo. Aghalabu humwomba mgonjwa aandike kwa muda wa siku 3 kiasi cha maji anachokunywa, mara anazokwenda haja na nyakati ambazo mkojo humponyoka. Kisha, kwa idhini ya mgonjwa, huipima misuli kwa kidole chenye glavu ili ajue kama inajibana, kwa nguvu gani na kwa muda gani. Mgonjwa ana haki ya kukataa kipimo hicho, kuomba mtaalamu wa kike au kuandamana na mtu anayemwamini.

Zoezi lenyewe ni jepesi kulieleza. Mtu huibana misuli kana kwamba anazuia upepo na mkojo kwa pamoja, huku akihisi inavutwa ndani na juu. Huishikilia kwa sekunde chache, kisha huiachilia kabisa kabla ya kurudia. Pumzi haizuiwi, na matako, mapaja na tumbo havikazwi. Mwongozo unaotumiwa Uingereza hupendekeza kujibana angalau mara 8 kwa mkupuo, mikupuo 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3 chini ya usimamizi. Zoezi hili halifanywi wakati wa kukojoa, kwani kuukatiza mkojo mara kwa mara huweza kukizuia kibofu kumaliza mkojo wote.

Kuna pia mbinu ya kujibana muda mfupi tu kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kuinua debe la maji. Wanawake wanaoizoea mbinu hiyo huweza kuona tofauti mapema, hata kabla misuli haijapata nguvu.

Kwa wale ambao shida yao ni haja inayowashika ghafla kabla hawajafika chooni, mtaalamu huongezea mafunzo ya kibofu. Mgonjwa hufundishwa kuirefusha kidogo kidogo nafasi kati ya safari moja ya choo na nyingine, kwa muda wa wiki 6 au zaidi. Kuacha kunywa maji, jambo ambalo wengi hulifanya kwa kuogopa kuaibika, hakufai. Mkojo uliokolea huweza kukichokoza kibofu, na choo hufunga na kuizidishia misuli mzigo.

Matokeo yake si ya kubahatisha. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 yalijumlisha tafiti 31 zilizowahusisha wanawake 1,817 katika nchi 14. Miongoni mwa waliokuwa wakiponyokwa na mkojo wanapokohoa au kuinua vitu, wale waliofanya mazoezi walikuwa na uwezekano wa takriban mara 8 zaidi wa kusema wamepona, wakilinganishwa na wale ambao hawakupata tiba.

Isipofaa kukazwa

Hata hivyo, si kila mwenye shida ya nyonga anafaa kuambiwa ajibane. Wapo watu ambao misuli yao imekaza kupita kiasi. Hao huumwa na nyonga, hupata shida kwenda haja kubwa au huhisi maumivu makali wakati wa tendo la ndoa. Baadhi yao ni wanawake wenye makovu ya kuchanika wakati wa uzazi au ya ukeketaji, kitendo kilichoharamishwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2011. Kwa watu wa aina hii mtaalamu hufundisha namna ya kuilegeza misuli, kupumua kwa utulivu na kulainisha kovu. Kuwaongezea mazoezi ya kukaza ni kuwaongezea maumivu.

Nasuri nayo ni jambo tofauti. Mwanamke aliyepatwa na uchungu wa muda mrefu, kisha akaanza kuvuja mkojo au kinyesi usiku na mchana bila kukoma, anapaswa kumwona daktari mara moja. Huenda kuna tundu kati ya uke na kibofu au njia ya haja kubwa. Hakuna zoezi linaloweza kuziba tundu hilo. Likigunduliwa mapema likiwa dogo, kuwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa huweza kulisaidia kujifunga. La sivyo, upasuaji huhitajika.

Nchini Kenya, upasuaji huo hufanywa katika vituo kama vile hospitali ya Gynocare mjini Eldoret na katika kambi za matibabu ambazo zimekuwa zikiandaliwa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Lakini kuziba tundu si lazima kuwe mwisho wa safari. Baadhi ya wanawake huendelea kuponyokwa na mkojo hata baada ya tundu kufungwa, kwa kuwa misuli na mishipa ya fahamu ilijeruhiwa pia. Wengine hutembea wakiburuta mguu, kwani uchungu wa muda mrefu huweza kuumiza mishipa inayouinua wayo. Yote mawili huhitaji fiziotherapia, inayoanzishwa daktari mpasuaji anapotoa ruhusa. Katika mji wa Goma, nchini Congo, hospitali ya HEAL Africa iliijumuisha tiba hiyo katika huduma za wagonjwa wa nasuri, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2014.

Swali la wiki ya sita

Kenya imepiga hatua katika kuwafikisha wajawazito hospitalini. Kulingana na uchunguzi wa kitaifa wa afya, watoto waliozaliwa katika vituo vya afya waliongezeka kutoka asilimia 61 mwaka 2014 hadi asilimia 82 mwaka 2022. Hiyo ina maana kwamba wengi wa akina mama hupitia mikononi mwa mhudumu aliyefunzwa, ambaye angeweza kuitambua shida ya nyonga mapema.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu huduma baada ya kujifungua, uliotolewa mwaka 2022, unapendekeza mama aonwe katika saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika wiki ya 6. Katika ziara hizo anafaa kuulizwa kuhusu mkojo, choo na kupona kwa msamba.

Wiki ya 6 ndiyo wiki ambayo akina mama wa Kenya hurudi kliniki na watoto wao kwa chanjo. Mtoto hupimwa uzani, huchanjwa na maelezo yake huandikwa katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Mama naye yupo pale pale, amempakata. Kumuuliza kama mkojo humponyoka anapokohoa hakuhitaji mashine wala dawa, na jibu lake linatosha kumwelekeza katika idara ya fiziotherapia kabla hajaizoea shida na kuifanya siri ya maisha.

Ugumu uliopo ni kwamba wataalamu waliobobea katika tiba ya nyonga ni wachache na hupatikana zaidi katika miji mikubwa. Mgonjwa aliye mbali nao anaweza kuanzia katika idara ya fiziotherapia ya hospitali ya kaunti na kuuliza kama kuna mhudumu mwenye ujuzi huo. Ni vyema pia kuhakikisha kwamba anayemhudumia amesajiliwa na baraza la wataalamu wa fiziotherapia, lililobuniwa chini ya sheria ya mwaka 2014.

Yeyote anayeona damu kwenye mkojo, anayepata homa pamoja na maumivu anapokojoa, au anayehisi uvimbe ukishuka ukeni, anapaswa kumwona daktari kwanza kabla ya kuanza mazoezi yoyote. Mjamzito ambaye bado hajaona dalili anaweza kujifunza mazoezi hayo mapema, maana tafiti zimeonyesha kwamba wanaoyaanza wakati wa ujauzito hupunguza uwezekano wa kuponyokwa na mkojo katika miezi ya mwisho na baada ya kujifungua. Na mama ambaye mhudumu hakumuuliza lolote katika wiki ya 6 ana haki ya kulitaja jambo hilo mwenyewe, hata ikiwa mtoto wake sasa yuko shuleni.