Mjane wa Nyumba ya Mawe

Wageni waandikapo juu ya mjane wa kiungwana wa Lamu na Pate humfanya mfungwa: mwanamke aliyetiwa ndani kwa eda ya miezi minne na siku kumi, hatii hina wala wanja, hajifukizi udi. Siku wamezihesabu sawa, ila hawakuuliza nyumba ni ya nani.

Mara nyingi ilikuwa yake. Muungwana mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba, au alimwongezea ghorofa juu ya ile ya mama, na mume ndiye aliyehamia. Alipokufa, mjane hakufungasha virago kurudi kwa kaka. Alikaa eda palepale, chumba cha ndani kabisa, nyuma ya misana miwili, zile kumbi ndefu, mbele ya ukuta wa zidaka zilizochongwa kwa chokaa, safu juu ya safu, sahani na bakuli za Kichina zikiwa ndani yake. Huko ndani ndiko walikozaliwa watoto na kuoshwa maiti. Majirani walimjia na sinia za chakula, wengine wakivuka wikio, daraja la nyumba kwa nyumba juu ya kichochoro, bila kukanyaga njia. Huyo utamwita mfungwa? Na eda ilipokwisha, alioga, akavaa nguo mpya, chetezo kikawashwa tena.

Kazi nzito za nyumba hizo zilifanywa na watumwa, hadi utumwa ulipofutwa pwani ya Kenya mwaka 1907. Fahari ya waungwana haifuti dhuluma hiyo.

Mfano wa mjane wa kiungwana ninaoupenda ni Mwana Kupona binti Msham. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu aliyepigana na Sayyid Said, Sultani wa Unguja, alifariki mwaka 1856. Yapata miaka miwili baadaye, Mwana Kupona mwenyewe akiugua, alimwita bintiye Mwana Hashima alete wino na karatasi, akamtungia utendi wa beti mia na kitu. Wengi huusoma kama somo la kumtii mume basi. Mimi namsoma mama aliyebaki kichwa cha nyumba, anayejua siku zake zimekaribia, anayemkabidhi binti alichonacho: adabu, dini, na dua ndefu kwa watoto na jamaa. Alifariki mnamo 1860.

Leo mjane wa mjini ana vyumba viwili vya kupanga na mwajiri anayemngoja. Eda anaikaa kwa vipande, baina ya basi na ofisi. Simlaumu. Ninaowalaumu ni sisi wenye nyumba hizo za mawe. Mji Mkongwe wa Lamu uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, na bado nyumba zake zinauzwa kwa wageni, zidaka zikabaki pambo la sebule ya likizo. Mara nyingine anayepatana bei ni kaka. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya binti isiuzwe kabla ya binti kuulizwa, na akikataa, neno lake ndilo lifuatwe.